Nimepata chuo Marekani mastazi ya uchoraji ila wamenipa nusu ada tu, nifanyeje?

Turubai_Mbagala
Habari za jioni wakuu, nina digrii ya sanaa ya hapa Mlimani, sasa nimepata chuo binafsi Marekani mastazi ya uchoraji miaka 2, wamenipunguzia nusu ya ada. Nusu iliyobaki hata tukiuza kiwanja cha mzee kule Chanika haifiki, na hapo sijala sijalala. Bi mkubwa ameshatangaza mpaka kwenye kikoba 😅 Ufadhili wa sanaa upo kweli au yote ni ya madaktari na mainjinia?

DadaBrashi
Hongera mdogo wangu ila usilipe chochote cha kushikilia nafasi kwanza. Hiyo ni diskaunti bana. Ile karatasi ya I-20 ya kuombea viza hupewi mpaka uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza mzima, ada na kula na kulala. Waandikie kwa adabu uulize kama wanaweza kuongeza, maana kuna waliopewa hela watakaokataa nafasi, hela yao inaweza kuja kwako. Ikishindikana mwakani omba vyuo vya serikali vya majimbo, vingi vinampa mtu wa mastazi darasa la uchoraji la mwaka wa kwanza afundishe, ada inafutwa au inapungua sana na kuna kaposho kila mwezi. Vingine viko miji hujawahi kuisikia, baridi kama ndani ya friji, lakini unatoka huna deni la mtu.

mtu_wa_Upanga
Mbona mnang'ang'ania Marekani tu? DAAD, lile shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, wana ufadhili wa sanaa na filamu kabisa, ila digrii yako isiwe imezidi miaka 6. Vyuo vya serikali Ujerumani vingi havina ada, jimbo la Baden-Württemberg ndo wanatoza wageni euro 1,500 kwa semesta. Kijerumani anza Goethe, kituo cha lugha cha Wajerumani, hapa hapa mjini. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nao wanalipia mwaka mmoja Uingereza, fani yoyote, wanataka masaa 2,800 ya kazi, hata ya kujitolea inahesabika, ukimaliza unarudi nyumbani miaka 2.

Kuchora_Kazi
Yote sawa ila potifolio, yaani picha za kazi zako unazotuma chuoni, ndo inabeba. Juzi dogo kanionyesha ya kwake, kapiga picha usiku chini ya taa ya sebuleni, nyeupe zote njano, pembeni pazia na mguu wa mtoto 😂 na kazi yenyewe kali balaa. Toa turubai nje asubuhi kivulini, egemeza ukutani, simu iwe usawa wa katikati ya picha, usizumu.

Turubai_Mbagala
Asanteni sana, barua naiandika leo maana mwisho Ijumaa. Nikiahirisha mwaka mmoja hiyo nusu inabaki?

DadaBrashi
Inategemea chuo, wengine wanakushikia nafasi halafu hela unaiomba upya. Uliza humo humo kwenye barua, na wakikubali wakuandikie kwenye imeli, ya kuambiwa kwenye simu usiikubali.