Naombeni ushauri: mtoto wa darasa la kwanza anakariri kitabu, hasomi

MamaTumaini
Habari za jioni wakuu. Kijana wangu ana miaka saba, yuko darasa la kwanza, ingilishi midiamu. Kitabu cha Kiswahili alikuwa anakitiririsha vizuri tu, mpaka juzi nilipoziba picha kwa kiganja. Kimya. Nikamwandikia "kuku" pembeni ya daftari, akabaki ananitazama usoni nimtajie. Halafu b na d anazigeuza. Narudi kutoka kazini saa mbili usiku. Homuweki anasimamia dada wa kazi, na nimegundua humwandikia jibu, mtoto ananakili. Baba yake anasema ni uvivu, achapwe. Nifanyeje?

Kobe_Mzee
Mbili tatu za matako zinatosha dada. Sisi tulisoma kwa fimbo na tumefika hapa.

TichaMstaafu
Mzee wangu, fimbo haifundishi silabi. Inafundisha kukariri haraka zaidi, na huyo kukariri tayari anaweza.

Mama Tumaini, mwanao hana uvivu. Kukariri kurasa nzima ni kazi! Shuleni nadhani anaimba ei, bii, sii. Sasa akikutana na "baba" anaona bii-ei-bii-ei, wala haimpeleki popote. Kwa Kiswahili mfundishe sauti: a, e, i, o, u kwanza, hazibadiliki hata zikae wapi. Kisha ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku. Akishika silabi chache anaunganisha: mama, kaka, meko, kumi. Mwa, nya, ng' na wenzake viache mwisho kabisa.

Kujua kama anasoma kweli, mpe neno lisilo na maana, mfano "modu" au "keta". Hapo hana pa kukariri.

B na d kwa umri huo ni kawaida, usimfokee. Ila usizifundishe pamoja. Kaa na b mpaka imkae, d ifuate baadaye.

BabaMapacha
Sisi tuliokota vizibo vya soda kwa mangi, tukaandika silabi kwa maka peni, kila kizibo silabi moja. Wanapanga sakafuni, wanabishana wenyewe. Vya kununua vya plastiki vina herufi mojamoja, havikutusaidia sana.

Binti_wa_Tanga
Dada wa kazi usimgombeze, pengine anaogopa daftari lirudi na makosa aambiwe hakusimamia. Mwambie wazi: asiandike chochote, amsikilize tu mtoto akisoma. Makosa yaende shuleni yalivyo, mwalimu ayaone. Akipelekewa kazi safi kila siku atajuaje kuna tatizo?

Na saa mbili usiku mtoto ameshachoka. Dakika kumi asubuhi akinywa chai zinatosha, wikiendi mwongeze.

Kobe_Mzee
Haya, nimenyoosha mikono. Ila macho mpimeni pia, wangu kumbe ubao alikuwa haoni.

MamaTumaini
Asanteni sana, na shikamoo mwalimu. Nimemjaribu "modu" leo asubuhi. Kasema "moto". "Keta" kasema "keki".

TichaMstaafu
Marahaba. Umeona? Silabi ya kwanza anaijua, ya pili anabahatisha. Kwa hiyo usimrudishe kwenye irabu, atachoka bure. Andika maneno yanayoanzia sawa, moto, moja, moyo, moshi, uyapange wima, kidole chake kikae kwenye silabi ya mwisho. Kitabu chenye picha kifungie kabatini kwanza.