Wiki yetu imejaa spamu, akaunti mpya zisubiri admini kwanza?

fundi_wa_pwani: Wakuu habari zenu. Tuna wiki ndogo ya historia ya mtaa wetu, iko kwenye MediaWiki (programu ya kuendeshea wiki), sasa kila asubuhi nakuta akaunti kibao zenye majina ya ajabu ajabu na kurasa za kamari na dawa za kupunguza tumbo, nafuta wee mpaka nachoka. Kuna namna mtu akijisajili asubiri kukubaliwa?

mzee_seva: Ipo mkuu, ni kiongezo cha MediaWiki kinaitwa ConfirmAccount. Mtu anatuma ombi, barua pepe yake na maelezo kidogo yeye ni nani, ombi linakaa foleni mpaka burokrati (cheo cha anayegawa ruhusa kwenye wiki) alipitishe (admini wa kawaida hana hiyo ruhusa, mpe mwenyewe). Na kwenye faili la seting, LocalSettings.php, weka createaccount iwe false kwa '*', yaani watu wote wasiweze kujifungulia akaunti wenyewe, la sivyo roboti zinaendelea kujisajili kama kawa.

binti_kodi: Mi nasita. Hiyo kitu usipogusa seting zake inadai wasifu wa maneno 50, sasa babu anayetaka kusahihisha tarehe moja tu si atafunga simu akalale? Anza na QuestyCaptcha, hiyo inamuuliza swali anayejisajili, unaweka swali lako mwenyewe, mfano msikiti wa karibu na soko unaitwaje, roboti inakwama hapo.

mzee_seva: Kweli, ila maneno unayapunguza kwenye seting. Shida kubwa ni foleni, nani ataiangalia kila siku?

fundi_wa_pwani: Niko peke yangu jamani 😂 naanza na swali basi.