Aliasi za bash na zsh: nitaziwekaje kwenye faili moja?

binti_wa_moro:
Wakuu, habari za jioni. Kompyuta yangu ya nyumbani ni MacBook, natumia zsh. Seva ya kazini ni Debian (Linux), bash. Zote mbili ni shell, yaani programu zinazopokea amri unazoandika. Aliasi zangu (majina mafupi ninayozipa amri) zimefika kama 40. Nilizinakili kutoka ~/.bashrc kwenda ~/.zshrc, mafaili ambayo bash na zsh huyasoma zikianza, na tangu hapo kila faili limeshika njia yake.

Ijumaa yamenikuta. Kwenye Mac, rm yangu ni aliasi ya `rm -i`, huuliza kabla ya kufuta. Nikaingia kwenye seva kwa ssh, nikaandika `rm *.sql` nikingoja iniulize. Haikuuliza. Nakala za hifadhidata za wiki mbili zikaondoka, nikashinda Jumamosi nzima nikizirudisha kutoka kwenye diski ya nje.

Nimejaribu kuandika `source ~/.bashrc` ndani ya .zshrc, inalalamika `command not found: shopt`. Nifanyeje?

fundi_mitambo:
Pole sana dada. Usiilishe zsh faili la bash. Hiyo .bashrc ya Debian ina mambo ya bash peke yake, shopt (amri ya kubadili mipangilio ya bash) ikiwemo. Hamishia aliasi zote kwenye ~/.aliases, halafu chini kabisa ya .bashrc na .zshrc weka:

`[ -f ~/.aliases ] && . ~/.aliases`

Nimetumia nukta badala ya source kwa sababu hata dash, shell nyingine ndogo, inaielewa. Angalia pia rangi za ls: kwenye Mac ni `ls -G`, lakini kwenye Debian -G huficha jina la kundi. Kwa hiyo humo ndani ya .aliases (uname hutaja jina la mfumo, na Darwin ndiyo Mac):

```
case "$(uname)" in
  Darwin) alias ls='ls -G' ;;
  *) alias ls='ls --color=auto' ;;
esac
```

Na ukiamua siku moja kutumia bash kwenye Mac, Terminal huanza kwa kusoma .bash_profile, si .bashrc. Mstari ule uweke na huko.

mzee_wa_terminali:
Mwanangu, fundi kasema kweli, ila hatari yako haijaisha. Kesho utaingia kwenye seva ya mteja isiyo na .aliases yako, na vidole vimeshazoea rm inayouliza. Iache rm kama ilivyo. Andika:

`alias futa='rm -i'`

Pasipo na aliasi hiyo utaambiwa amri haipo, na hakuna kitakachopotea. Mimi sigeuzi maana ya amri inayofuta au kuandika juu ya faili, mv na cp zikiwemo.

binti_wa_moro:
Shikamoo mzee. Asanteni sana wote wawili. Faili nimeliweka kwenye git (mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili), nimelivuta kwenye seva, na `futa` inauliza pote. Imebaki moja: hati yangu (script) ya cron, inayojiendesha kwa ratiba, haizioni aliasi hizi.

mzee_wa_terminali:
Marahaba. Haitaziona. Bash ikiendesha hati haifungui aliasi mpaka uiamuru kwa `shopt -s expand_aliases`, na cron haisomi .bashrc yako. Kwenye hati andika amri yenyewe kwa ukamilifu.