Simu nimeinunua kwa hela yangu, kwa nini siwezi kubadilisha emoji? Nimechoka na hizi programu za uongo

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi ni mrefu, mnivumilie. Wiki mbili nzima nimehangaika na kitu nilichodhani ni cha dakika 5, kubadilisha emoji kwenye simu ya mama yangu. Nimeshindwa. Na njiani nimekutana na uongo mwingi, wa watengenezaji wa simu na wa wenye programu, kiasi kwamba nikinyamaza nitapasuka.

Niwaeleze ilivyoanza. Mama yuko Muheza. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye yale madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 70, na mpaka leo anasoma taratibu, neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya skrini. Kwake emoji ni nusu ya barua. Akiona moyo anajua nimemkumbuka. Akiona viganja vimekutana anajua nimepokea alichotuma na nimeshukuru. Bando kwake ni la kubahatisha, kwa hiyo mazungumzo yetu mengi ni SMS za kawaida.

Jumapili moja nilikuwa narudi Dar kutoka Muheza. Nimefika Mbagala usiku, nikamwandikia: "Mama nimefika, lala unono 🫶🏾". Nikalala zangu. Saa 11 alfajiri simu inaita. Ni mama, sauti imekauka. Shikamoo yangu hakuitikia. Akauliza, "Mwanangu, amefariki nani?"

Nikamwambia mama hakuna msiba, vipi tena? Akasema, "Mbona umeniletea sanduku lina msalaba, na udongo pembeni?"

Mama hakulala usiku ule. Maneno aliyasoma, akaona nimesema nimefika, lakini ile picha ikamwambia kuna jambo nashindwa kulitamka. Aliogopa kupiga usiku asije akaambiwa. Mtu mwenye presha amekaa kitandani na simu mkononi mpaka adhana ya alfajiri ya msikiti wa jirani ndipo akapata ujasiri wa kubonyeza.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi kwenda kujionea. Ni kweli. Pale nilipoweka mikono ya moyo palikuwa na kiboksi cheupe chenye mistari miwili iliyokatana ndani, na kando yake kipande cha rangi ya kahawia iliyokolea. Ukikitazama kwa macho ya mama mwenye miaka zaidi ya 70 ambaye amezika watu wengi, jeneza na udongo unauona kabisa.

Sasa kwa nini ilitokea? Nimelisoma hili jambo mpaka nimelielewa, na ndipo hasira iliponipanda. Ukituma emoji hutumi picha. Unatuma namba tu. Simu ya anayepokea ndiyo inayotafuta ile namba kwenye fonti yake, yaani faili lenye michoro ya herufi na emoji, na kuchora picha iliyonayo. Mikono ya moyo ilipewa namba kwenye Unicode 14, toleo la ile orodha ya dunia nzima ya namba za herufi na emoji, Septemba 2021. Simu ya mama ina Android 9, ya mwaka 2018. Fonti yake haijui hiyo namba, kwa hiyo inachora kiboksi. Ile rangi ya kahawia ni namba ya pili, ya rangi ya ngozi, ambayo ipo tangu 2015. Hiyo simu inaijua, ila haina mikono ya kuipaka, basi inaiweka peke yake kama donge la udongo. Yaani miaka yote tulipakwa rangi zisizo zetu, tukapata zetu 2015, halafu zinamfikia mama yangu kwa sura hiyo.

Simu yenyewe ilinunuliwa mpya, kwenye boksi lake, mwaka 2020. Tangu siku hiyo haijapokea toleo jipya la mfumo hata moja. Nimeenda kwenye mipangilio, nikabonyeza kutafuta masasisho, jibu ni lile lile kwamba mfumo wako ni wa kisasa. Wa kisasa! Simu inamwambia mtu uongo machoni kwake.

Nikasema basi, nitabadilisha emoji mwenyewe. Nikapekua mipangilio yote. Mlio unabadilisha. Picha ya ukutani unabadilisha. Ukubwa wa herufi unabadilisha, na hata mtindo wa herufi upo, wa kunyooka na wa kulala. Emoji hakuna. Hakuna hata mstari mmoja unaotaja emoji. Ile fonti imekaa kwenye sehemu ya mfumo ambayo mwenye simu haruhusiwi kuigusa. Imefungwa na mtengenezaji, na mtengenezaji huyo huyo ndiye amekataa kuisasisha. Amefunga mlango na ufunguo ameondoka nao.

Hapo ndipo mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, akaniambia, "Anko, zipo programu kibao, unapata emoji za iPhone bure." Nikafungua duka la programu. Zimejaa. Zote zina picha za sura za njano zinazong'aa, zote zinaahidi kwamba emoji zako zitabadilika simu nzima. Nikashusha moja yenye nyota nyingi.

Naomba niende polepole hapa, maana najua wengi humu mnazo.

Kwanza, ni kibodi. Haikuniambia ni kibodi mpaka nilipoifungua. Unapoiwasha, Android yenyewe inakuonya kwamba kibodi hii inaweza kukusanya maandishi yote unayoandika, pamoja na nywila na namba za kadi. Mpwa wangu alibonyeza sawa kabla sijamaliza kusoma. Wakuu, mama anapokea pesa kwa simu. Ukipiga *150* ukaambiwa weka namba ya siri, ile namba unaiandika kwa kibodi hiyo hiyo uliyoiwasha. Nilipoliwaza hilo mikono ilinitetemeka. Programu isiyojulikana mwenye nayo, tumeikabidhi mlango wa akiba ya mama ili tupate vijimoyo.

Pili, matangazo. Kila ukifungua kuandika, tangazo linajaa skrini nzima, na alama ya kulifunga ni ndogo kuliko punje ya mtama na inatokea baada ya sekunde kadhaa. Mama hawezi kuiona. Alikuwa anabonyeza katikati ya tangazo akidhani ndiyo njia ya kutoka, anapelekwa kwenye tangazo jingine. Kabando nilikomwekea asubuhi, jioni kameisha, na hajatuma ujumbe hata mmoja.

Tatu, na hili ndilo utapeli wenyewe: haibadilishi chochote. Ile kibodi ina picha zake nzuri za kuchagulia, unaziona pale chini unapochagua. Ukishabonyeza, inayoingia kwenye ujumbe ni ile namba tu, na mchoraji ni fonti ya simu ile ile. Nikamtumia tena mama mikono ya moyo nikiwa nimekaa naye kwenye mkeka mmoja. Kikaja kiboksi. Na udongo wake pembeni.

Nikashusha ya pili, hiyo inajiita ya kubadilisha fonti. Ikanizungusha kwenye matangazo matatu, mwishoni ikaandika kwamba simu hii haikubaliki. Ungeniambia mwanzoni ingekugharimu nini?

Nikarudi Dar nayo, nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Huyu simlaumu, aliniambia ukweli. "Kaka, hii mpaka ku-root." Yaani kuvunja ulinzi wa mfumo ili ile fonti iliyofungwa itolewe na kuwekwa nyingine. Akanieleza kabisa kwamba kufungua simu kwa namna hiyo kunafuta kila kitu kilichomo, na programu za benki nyingi zinagoma baadaye. Picha za marehemu baba ziko humo. Nikamshukuru, nikaondoka, simu nikamrudishia mama.

Najua atakuja mtu hapa aseme "tumia WhatsApp mkuu". Ndiyo, WhatsApp kwenye Android inabeba seti yake ya picha tangu 2017, ndiyo maana huko kiboksi hukioni mara nyingi. Na ndiyo maana pia hata ungebadilisha fonti ya simu, humo ndani usingeona tofauti, kitu ambacho hao wenye programu wanakijua na hawakisemi. Lakini WhatsApp inataka bando. Mama ana SMS.

Na kwenye SMS tunaliwa mara mbili. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu, kwa hiyo zote 160 ni zako. Weka emoji moja tu, hata kama mwisho wa siku anayepokea ataona kiboksi, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka mpaka 70. Ujumbe wa herufi 100 uliokuwa SMS moja unahesabiwa mbili. Yaani unalipa SMS mbili kumpelekea mama yako jeneza.

Wasiseme haiwezekani. Inawezekana na wanajua. Google walitoa mwaka 2017 njia ya programu kubeba emoji mpya hata kwenye simu yenye Android ya zamani mpaka 4.4. Kuanzia Android 12, mwaka 2021, wakaruhusu fonti ya emoji isasishwe yenyewe bila kugusa mfumo mzima. Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ina kitufe kwenye mipangilio yake, unachagua utumie emoji za programu au za simu. Kitufe kimoja. Sasa huyu aliyetengeneza hii simu ya mama, na akaiwekea programu yake mwenyewe ya SMS, alishindwa nini? Hakujali. Ameshauza, hela imeingia, mama wa Muheza atajijua.

Wao wakitaka kubadilisha, wanabadilisha usiku mmoja bila kukuuliza. Apple mwaka 2016 waligeuza bastola kuwa bastola ya maji, na 2018 Google, Samsung na wengine wakafuata. Watu waliamka wakakuta hata ujumbe wao wa miaka ya nyuma una picha nyingine. Samsung walikaa na ile sura ya kurusha macho juu kwa dharau ikionekana kama mtu ametulia anatabasamu, mpaka wakairekebisha 2018. Fikiria watu wangapi walitukanwa wakadhani wanachekewa, au kinyume chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliliandika hili mwaka 2016: sura ile ile ya meno nje, kwenye simu nyingine ilionekana ni furaha, kwenye iPhone za wakati ule ilionekana mtu ameuma meno kwa hasira. Kwa hiyo tatizo linajulikana miaka yote hiyo. Wenye kuamua sura ni wao, na anayebeba aibu au hofu ni mimi na wewe.

Ninachotaka ni hiki. Mipangilio ya simu iwe na sehemu ya emoji kama ilivyo sehemu ya mlio: chagua seti, shusha mpya, basi. Fonti ya emoji ni faili la megabaiti chache tu, hata bando la wiki linaitosha. Simu ikikosa picha, iandike jina la hiyo emoji kwa maneno, maana kila emoji ina jina, badala ya kumrushia mtu kiboksi. Na hao wenye duka la programu waziondoe kibodi zinazoahidi "simu nzima" wakati zinabadilisha kidirisha chao tu. Wanaziona. Malalamiko yamejaa chini ya kila moja, kwa Kiswahili, kwa Kihindi, kwa Kireno, watu wanalia kitu kile kile.

Kama umemwekea mzazi wako kibodi ya namna hiyo, nakuomba kabla hujaendelea kusoma uzi mwingine, mpigie, mwelekeze aiondoe, arudishe ile iliyokuja na simu. Halafu abadilishe namba ya siri ya pesa. Mimi nimeshafanya vyote viwili.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Kuna aliyeniuliza kwa nini nisimnunulie mama simu mpya. Ndugu yangu, hiyo ya sasa inapiga, inapokea, inakaa na chaji siku mbili, na mama ameshaizoea kila kitufe. Nitoe laki mbili na nusu nyingine kwa ajili ya faili moja la picha ambalo wangeweza kulituma bure?

Na aliyeuliza tunafanyaje kwa sasa: leo jioni tumekaa kwenye simu, namtumia moja moja, ananiambia anachokiona. Moyo mwekundu unakuja. Viganja vilivyokutana vinakuja, na rangi yake. Ua waridi linakuja. Jua linakuja. Ile sura mpya inayozuia machozi yaliyolengalenga machoni haiji, ni kiboksi. Nimeandika kwenye karatasi zinazokuja, ziko 23, nimebandika ukutani juu ya kitanda changu, na nimewatumia dada zangu wote orodha hiyo. Nje ya hizo, kwa mama hakuna kutuma nyingine.