Tatu nyuma itatushusha! Komite ya ekipe yetu ya Katuba, mutujibu apa apa

Jambo ba yaya na ba papa bote, na jambo kwenu ba komite benye munasomaka apa usiku na kujifanya hamuone kitu. Leo sina upole. Siku ya mungu tulifungwa ine kwa moja nyumbani, mu Katuba, apa Lubumbashi, mbele ya bamama na batoto, na ekipe yenye ilitufunga ilikuja na majezi ya kuazima, halafu nyuma ya match antrenere wetu anasimama pale anasema tukuwe na uvumilivu, sisteme ni mupya, bachezaji bangali banajifunza. Banajifunza mpaka lini? Mpaka tukisha kushuka?

Kwa benye habakuwako: msimu huu ekipe yetu iliacha kucheza na mabeki bane, sasa iko inacheza na batatu nyuma. Msimu yenye ilipita hatukuwa ekipe ya kutisha, mi mwenyewe nilikuwa nalalamika juu ya ma avansi yetu benye banapiga mupira yulu ya paa ya shule, lakini kutufunga ilikuwa kazi. Muntu alikuwa anakuja Katuba akijua atarudia kwabo na miguu ya kuuma. Sasa banakuja kuvuna magoli sawa shamba ya bure.

Angalieni goli la pili, peke yake inatosha. Mupira ni yetu, tunarusha ku upande wa korneri yabo. Namba 2 amepanda, namba 3 amepanda pia juu antrenere anapiga kelele "pandeni, pandeni bote". Tunapoteza mupira, muntu wabo mumoja anapiga murefu tu, bila ata kuangalia, ku upande wa kushoto yetu fasi hakuna muntu. Sasa nani anaenda? Namba 4 wetu, ule mukubwa, mwenye kichwa nzuri kabisa, mwenye amepanga difansi yetu miaka na miaka, anatolewa katikati anakokotwa mpaka ku laini. Yee haiko muntu wa mbio, tunajua bote, na zamani haikuwa shida juu alikuwa na mwenzake pembeni na beki wa kushoto mbele yake. Mupira unaingia mu ile maji ya mvula yenye inabakiaka karibu na korneri, unasimama, namba 4 anateleza, ule mutoto wabo anauchukua na kidole cha kiatu, anapita. Katikati babakia babili kwa bantu batatu, gadie (kipa) anatoka nusu, anarudi nusu. Goli. Na la tatu ilikuwa ile ile, paka upande ule mwingine.

Njo mi nauliza, ni nani alisema tatu nyuma ni tatu? Tatu nyuma ni tano ukishambuliwa, na ili ikuwe tano lazima bale babili ba pembeni barudi na mbio kila mara, dakika tisini, kupanda na kushuka. Namba 3 wetu tunamujua, anapakua mifuko ya unga ku soko siku ya posho yote, anakuja kucheza na mugongo wa kuuma, na munataka yee peke yake afanye kazi ya beki na ya ailie (winga) pamoja! Kisha kipindi cha pili inaanza anasimama na mikono ku magoti, munamuzomea. Musimuzomee yee. Muzomee mwenye alimupa ile kazi.

Na bado hatujafika ku ule mutego wa kuotea. Antrenere anataka babeki bapande bote pamoja mpaka karibu na katikati ya kiwanja ili ma avansi ba adui babakie mu kuotea. Sawa, ku televisheni inapendeza. Lakini mutego wa kuotea unategemea muntu wa bendera, na shampiona yetu muntu wa bendera ni nani? Siku ya mungu alikuwa ule kijana mwenye alipewa bendera dakika kumi mbele ya match juu mwenye kazi hakufika, na goli la kwanza likiingia yeye alikuwa anageuka kuchukua karanga kwa mama. Babeki bote batatu banainua mikono yulu, banasimama kabisa, banangojea, na ule anakimbia peke yake na gadie. Utacheza mutego gani fasi hakuna mwenye kuona?

Sasa benye banajiita bajuvi banatuambia "Conte, antrenere Mutaliano, alicheza batatu nyuma na Chelsea ya Uingereza". Ndiyo, alifanya, na mi ninakumbuka muzuri kuwapita beye. Mu Septemba 2016 Arsenal ilibafunga 3-0, Conte akabadilisha, akaweka batatu nyuma, kisha bakashinda match kumi na tatu za ligi bila kusimama, bakatwaa ubingwa na pointi 93. Lakini murudishe macho mu ekipe yenyewe. Pale katikati ya kiwanja alikuwako Kanté, kiungo mwenye alikuwa anakimbia kazi ya bantu babili. Kushoto Marcos Alonso, kuume Victor Moses mwenye alikuwa ailie na mapafu ya farasi. Nyuma Azpilicueta, beki wa pembeni mwenye mbio, akaletwa ndani juu aweze kufuata bantu mpaka ku laini. Na kitu yenye bajuvi habasemi: msimu ile Chelsea haikucheza kombe ya Ulaya ata moja, ilikuwa imemaliza ya kumi msimu wenye ulitangulia, kwa hiyo Conte alikuwa na juma nzima ya kufundisha, siku kwa siku, muntu kwa muntu, "weye ukitoka apa, ule anaingia pale". Sisi tunajizoeza jioni bantu bakitoka ku kazi, nusu beko, nusu habako, na giza ikiingia tunaacha juu hakuna taa.

Muchukue basi mufano yenye inafanana na sisi. Antrenere Ruben Amorim alitoka Sporting ya Portugal akafika Manchester United mu Novemba 2024, katikati ya msimu, na batatu nyuma yake mu mukono. Bachezaji benye alikuta habakununuliwa kwa ile sisteme. Banamuambia, anakataa. Ile msimu Manchester ikamaliza ya kumi na tano, pointi 42, Manchester nzima! Finali ya Europa League kule Bilbao wakafungwa 1-0 na Tottenham. Agosti 2025 Grimsby, ekipe ya daraja la ine, ikabatoa ku penati 12-11. Na ule baba akasema ata Papa wa Roma hawezi kumubadilisha mawazo. Sisi Bakatoliki ba Katuba tulicheka, lakini mi sikujua siku moja ule muntu atazaliwa tena apa kwetu na filimbi mu shingo. Mwisho yake munaijua, mu Januari 2026 bakamutoa. Beye balikuwa na falanga ya kungojea. Sisi falanga ya basi tunachangishana.

Na juu ya nini kwenda mbali wakati tuko Lubumbashi? Ekipe ya kwanza ya Afrika kuingia finali ya kombe ya dunia ya maklabu ilitoka apa, Kamalondo, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. 2010, Abu Dhabi, Mazembe inatoa Pachuca 1-0, inatoa Internacional ya Brazil 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Muliona vile balicheza? Bale Babrazil balikuwa banapiga, banapiga, na kila muntu wa Mazembe alijua fasi yake, na fasi hakuna muntu, gadie Kidiaba alikuwa na mikono, halafu anacheza ile ngoma yake ya kuruka na matako chini. Hakuna mwenye aliambia babeki bale bapande mpaka katikati bacheze sawa Babarcelona. Finali Inter ya Italia ilitufunga tatu, sikatae, lakini ile ilikuwa Inter. Ata Leopards, ekipe ya taifa ya Kongo yetu, na antrenere Desabre, Novemba 2025 kule Rabat, Cameroun moja kwa zero, kisha Nigeria ku penati, Mbemba na Tuanzebe katikati, mabeki ba pembeni pembeni yabo, bane, kazi safi. Kama bane inatosha ku Leopards, ku Katuba inakosa nini?

Minaona namna hii. Mvula ndiyo inaanza, mpaka Marsi kiwanja yetu itakuwa matope mekundu, na ile sisteme inataka mupira utoke kwa gadie pole pole, kwa namba 5, kwa namba 4, kwa namba 6. Mu matope! Pasi ya mita kumi inafika mita sita. Ekipe zote zilishajua, banasimama batatu mbele yetu banangojea tuteleze. Tukiendelea ivi tutashuka, haiko maombi mabaya, ni hesabu. Lakini tukirudisha mabeki bane leo, namba 4 abakie katikati fasi yake, namba 3 apumue, na ule kijana wa namba 8 mwenye banamuweka banki juu eti "haelewi projet" asimame mbele ya difansi kuvunja, basi tunamaliza katikati bila presha. Ubingwa hapana, musiniulize. Kubakia, ndiyo.

NAONGEZA, juu bantu banaandika chini: ule mwenye anasema mi nachukia antrenere juu haiko mutoto wa Katuba, wacha ujinga. Atoke komine ya Kenya, atoke Kipushi, atoke mwezini, mi nataka tu asifungwe ine nyumbani. Na weye yaya mwenye unasema "basuporta basiingilie kazi ya teknike", sawa, lakini mukikosa falanga ya maji na ya basi munakuja kugonga ku mulango ya nani? Siku ile hamusemi basuporta basiingilie. Na kuhusu ile maneno kwamba namba 4 ni muzee aachwe: muachie nani pale? Ule wa miaka kumi na saba mwenye anaogopa kupiga kichwa?

Siku ya mungu yenye inakuja tunaenda Ruashi. Ile ekipe iko na ma ailie babili benye banakimbia sawa polisi anabafuata, bote tunabajua, bamesha kuona vile siye tunafungwa, beye habana siri ya kutafuta. Kwa hiyo mi na ba avenue yetu tulishakubaliana: mbele ya siku ya posho komite ituambie apa, kwa maandishi, ni mabeki bangapi banaanza. Mukisema bane, tunachanga basi na maji sawa kawaida. Mukisema batatu, mutaenda na miguu mpaka Ruashi, na antrenere abebe bendera ya kuotea yee mwenyewe.