Fundi kapima silinda kwa kidole cha mate!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na grisi haijatoka kucheni. Yule mchonga silinda wa Gerezani, mnamjua wote, msinilazimishe kumtaja, leo kanimaliza.

Jumamosi nilimpelekea silinda ya pikipiki CC 125. Kipenyo cha standadi ni milimita 56.5, ukiongeza 50, yaani nusu milimita, inafika 57. Nikamwambia, kiongozi, pistoni mpya hii hapa, ipime kwanza kwa maikromita kwenye sketi, ule ubavu wake wa chini, kisha uchonge silinda kuifuata. Nafasi inayobaki hapo ni sehemu chache tu za mia za milimita, hata unywele unagoma kupita! Ndugu zangu, akalamba kidole. AKALAMBA KIDOLE! Akakizungusha ndani ya silinda kama anaonja mchuzi wa pweza, akafumba macho: "Hamsini imekaa hii."

Maikromita ipo, imetundikwa msumarini, buibui kajenga humo mpaka ana wajukuu. Nilipoinyooshea mkono akanicheka mbele ya vijana wake: "Dogo, kapime sukari kwa Mangi."

Leo asubuhi injini imenoki juu ya daraja la Tazara, abiria mgongoni, malori yananipigia honi. Pistoni ni alumini, ikipata moto inavimba kuliko chuma cha silinda. Ukiinyima nafasi inang'ang'ania. Nimefungua, sketi imekwanguka pande zote mbili, mistari unaihesabu kwa ukucha. Nikamrudishia aone. Mnajua kafanya nini? Kalamba kidole TENA! Kidole kilekile! Eti, "Silinda nzima, oili yako ndiyo mbovu."

Kipanga wa Mbagala: Pole mkuu. Mate yalikuwa ya moto au ya baridi? Vipimo hubadilika.

Mama Spea: Ulisimama ukaangalia kidole kinaingia na kutoka, halafu ukalipa. Ungebeba silinda yako ukaondoka.

Mwenye uzi: Dada, nimesema KALAMBA. Nilibaki mdomo wazi!

Fundi Mstaafu: Silinda hupimwa juu, kati na chini, kila sehemu mara mbili kwa msalaba, maana ikilika inakuwa kama yai. Kidole hakiwezi kujua hilo. Na pistoni zilizoandikwa 50 zenyewe hazilingani.

Mwenye uzi: Mwambieni! Kwenye ulimi wake sijui kuna namba!

Gongolamboto Moja: Afadhali wewe. Mimi fundi cherehani kanipima suruali ya harusi kwa macho. Nimeinama kumvisha bibi harusi kiatu, praaa, ukoo mzima wa wakwe umeona.

Mama Spea: Huyo wa Magomeni? Mimi kanishonea gauni lenye mikono miwili ya kushoto!

Gongolamboto Moja: Huyohuyo! Na futi anayo shingoni kutwa nzima!

Kipanga wa Mbagala: Mama Spea, weka picha ya gauni.