Mrejesho: Ombi la fedha za umma kwa bustani yetu ya wanyama

Habari zenu. Niliuliza kama bustani ya wanyama inayoendeshwa na jamii inaweza kupata fedha za umma ili iboreshwe. Ombi limepita! Asanteni sana.

Kilichotubeba ni ushauri wa kutenganisha gharama za ujenzi na za uendeshaji. Fedha za umma zitajenga. Chakula, dawa na mishahara ya watunzaji vitaendelea kutegemea viingilio na michango, na hilo tulilionyesha wazi kwenye bajeti.

Wapo waliotaka tuanze na geti jipya na maegesho. Nilipinga, na bado napinga. Chui wetu hupita njia ileile kando ya wavu kutwa nzima, mpaka nyasi zimekwisha pale, dalili ya mnyama aliyebanwa. Kwa hiyo banda lake ndilo la kwanza: zege linaondolewa, anawekewa udongo, magogo ya kupanda na mahali pa kujificha. Kinafuata chumba cha karantini kwa wanyama wapya.

Fedha zinatoka kwa awamu, kila awamu baada ya ukaguzi. Mkandarasi anataka malipo ya awali, bado tunajadiliana naye.